Kichwa cha Tabora

Pipa la asali lilikuwa limeshaacha ardhi nilipomaliza kupanda ngazi za mnara. Nililiona kupitia kioo, jeupe, refu, halina dirisha wala rubani, linapasua hewa juu ya miombo kuelekea Kigoma. Sauti yake ya mashine ikajaa chumbani, ya upole kama ya mkwe.

"Tabora, pipa la Kigoma. Naomba kupanda zaidi."

"Panda mpaka futi elfu kumi na mbili, ubaki hapo," akajibu mwanamke mmoja bila kugeuza shingo.

Huyo ndiye niliyemfuata. Kalunde Mihayo, mwongoza ndege, Mnyamwezi wa Uyui, mtu mzima mwenye watoto wakubwa. Nilikuwa nimepanda treni, nimepanda lori, nimevuka ziwa, ili nije nitazame kichwa chake.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa ufundi wa vilemba. Niliiokota njiani kama nilivyookota kazi nyingine zote, nusu mwaka darasani Kasama, nusu nyingine kwa kumtazama mwenye kujua. Kilemba ni kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi zinazohisi joto la ubongo. Mwongoza ndege anajifunga kichwani kila anapoingia zamu. Juu ya meza yake kuna taa. Kichwa kikiwa na nafasi, taa ni ya kijani, na mashine inaendelea kumgawia ndege. Kikianza kuelemewa, taa inageuka njano, mashine inaacha kumwongezea. Ikifika nyekundu inampunguzia, inampa mwingine. Sheria haikuruhusu pipa lolote kwenda angani bila kubebwa na kichwa cha mtu aliye hai. Mashine zilikuwa zinajiendesha zenyewe, ndiyo, lakini watu walishakataa kufa bila kuwa na mtu wa kumuuliza.

Waongoza ndege wenyewe walisema hivyo hivyo, "kubeba". Unabeba ngapi? Nabeba sita, nabeba nane. Na Tabora, nchi ambayo zamani watu walibeba pembe na shanga mabegani mpaka pwani, neno hilo halikuhitaji kufundishwa.

Sasa, Kalunde alibeba kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Nilisimama nyuma yake nikaangalia taa. Mapipa yalizidi kuingia kwenye skrini yake, ya samaki kutoka ziwani, ya dawa, ya vipuri. Taa ikagusa njano. Nikashika kalamu. Kabla sijaandika herufi, ikarudi kijani. Hii ndiyo ajabu iliyonileta. Joto lilipanda kama la kila mtu, kisha likazimika lenyewe.

Wenye vilemba huko makao makuu walikuwa wamekipenda kichwa hicho. Walikitwaa wakakifanya kipimo, wakakiita Kichwa cha Tabora, wakakiingiza kwenye mashine za minara yote mpaka Kalemie. Yaani mwongoza ndege wa Mbala alipovaa kilemba, mashine haikumuuliza yeye anaweza kubeba ngapi. Ilimpima kwa Kalunde.

Mbala ndiko nilikotoka. Kijana mmoja kule, Chanda, mwenye afya na akili zake, alivua kilemba katikati ya zamu akaanza kuziita ndege zote kwa jina la mama yake. Taa yake ilikuwa kijani. Waliniambia nikague nyuzi. Nyuzi zilikuwa nzima. Ndipo nikasema ngoja niende nikamwone huyu mwenye kichwa.

"Mpagazi!"

Sauti ilitoka meza ya pembeni. Mwanamume mnene, shati limefunguka kifungo, anatabasamu huku macho yako kwenye skrini ya Kalunde. "Bega limeinama hilo. Utaangusha pembe za watu."

"Angalia ya kwako, Mzaramo. Ukisikia ngoma ya mdundiko inapita hapo nje utaacha ndege angani kama mnavyoacha wali jikoni."

"Wali wetu una nazi, ukiungua unanukia. Nyie ugali wenu hata moto unaukimbia. Lete hilo!"

Na huku anasema akanyoosha mkono, mrefu kama wa mtu anayechukua andazi kwenye sahani ya jirani, akabonyeza kitufe cha kusemea cha Kalunde, akainama kwenye kipaza sauti chake. "Pipa la Mpanda, shuka elfu nane, pinda kushoto." Akasubiri likatii. Akalipeleka mpaka nje ya mpaka wetu, akarudisha mkono.

"Mwizi," akasema Kalunde.

"Mwizi ni babu yako aliyemfichia Mwarabu pembe kichakani, mpaka leo anaitafuta."

Chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikatazama taa, imerudi kijani, na kicheko kikanikauka.

* * *

Nilimkuta Kalunde chumba cha kupumzikia, anatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga. Alinisogezea bakuli kabla hata sijakaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Yule mwenzako ni nani?"

"Kondo Mwinjuma? Yule si mwenzangu, ni adhabu." Akacheka. "Mtani wangu. Mzaramo wa Kisarawe. Wamemleta huku miaka mingi sasa, na kila siku ananiuliza bei ya kubeba mzigo mpaka Bagamoyo."

"Anachukua ndege zako."

Akaacha kutafuna. Nje pipa lilikuwa linaita, mtu mwingine akalijibu.

"Umeona nini, mzee?"

"Nimeona mkono."

Alinitazama kama anayepima iwapo mfuko utahimili mzigo. Kisha akasema, "Kuomba msaada hapa ni kubonyeza kile kitufe cha pembeni. Ukikibonyeza, mashine inaandika umeomba. Ukiomba sana unaitwa, unakalishwa, unaulizwa nyumbani kuna nini, mume anakunywa? Mimi sijawahi kukibonyeza. Sasa mtani yeye haombwi. Mtani anaingia ndani kwako anachukua kuku, anaondoka, na ukikasirika ni wewe umekosa adabu. Kondo akiona taa inataka kugeuka, ananyakua. Sijaomba. Yeye hajasaidia. Hakuna wa kumshukuru mwenzake. Na mimi nikiona yake inageuka, namfanyia hivyo hivyo, namtukana na mkwe wake juu."

"Na mashine?"

"Mashine inahesabu meza, mzee. Haihesabu koo. Ndege ziko mezani kwangu, basi nazibeba mimi."

Nimetembea nchi nyingi, lakini kitu kizuri namna ile sijakiona. Na sijaona kitu kibaya namna ile pia. Kuchukua ndege usiyogawiwa na mashine kulikuwa jinai. Unanyang'anywa leseni, na hakimu akiamka vibaya unafungwa.

"Mwanangu," nikamwambia, "kilemba kinajifunza. Wewe fikiria mtu anatazama maziwa jikoni. Kila yakitaka kufurika, kuna mkono unatoka pembeni unapunguza moto, yanashuka. Yeye mkono hauoni. Siku zikipita anasema, haya maziwa hayafuriki bwana. Anatoka, anakwenda kuota jua. Kilemba chako kimekuzoea hivyo. Kinaona joto lako likipanda, kinajua litashuka tu. Hakiogopi tena."

"Ni kichwa changu. Mimi nakijua."

"Si chako peke yako." Nikamweleza habari za kipimo. Nikamweleza habari za Chanda wa Mbala.

Aliweka chini lile tobolwa alilokuwa ameshika. "Wanatumia kichwa changu? Kule kote?"

"Mpaka Kalemie."

"Mbona hawakuniuliza?"

"Walidhani ni heshima."

"Na huyo kijana, ana mtani pembeni?"

"Mbala kila mtu ana chumba chake, na mlango umefungwa. Ili wasisumbuane."

Akajifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja. "Nikisema," akasema, "Kondo atafungwa."

"Huenda."

"Yule ana mama mzazi hawezi kutembea, na watoto watatu wanamsubiri yeye tu." Akanyanyuka. "Nipe nafasi nizungumze naye kwanza. Hayo si maneno ya kumtolea mtu kwa ghafla."

Hakupata nafasi. Jioni ile Kondo alipigiwa simu kutoka Kisarawe kuwa mama yake mdogo amefariki. Akaondoka na treni, hata koti hakuchukua. Kalunde alimsindikiza kwa matusi mpaka mlangoni, maana ndivyo mtani anavyotoa pole.

* * *

Siku iliyofuata mvua ilijikusanya upande wa Sikonge kabla ya adhuhuri. Mapipa yaliyokuwa yapite kusini yakageuzwa yote yaje kwetu. Nilikuwa nyuma ya Kalunde na kipimo changu cha joto mkononi. Kwenye meza ya Kondo alikaa binti mtulivu aitwaye Tuzo, mtu wa Njombe, ana heshima zake.

Yakaingia. Kalunde akayapokea, akayapanga, hili juu, lile chini, hili zunguka kwanza. Nikaona joto linapanda kwenye kipimo changu. Taa ya mezani ikabaki kijani. Mashine ikamwongezea. Joto likapanda. Kijani. Ikamwongezea.

"Dada, nikupokee?" Tuzo akauliza kwa sauti ndogo.

"Niko sawa, mdogo wangu."

Ndivyo mtu anavyojibu. Ukiulizwa kwa adabu unajibu kwa adabu. Tuzo akarudi kwenye skrini yake, kwa kuwa binti mwenye malezi hapokonyi kitu cha dada yake.

Nilifungua mdomo kusema jambo. Sikuwahi. Ndege ya abiria kutoka Mpanda, yenye rubani na watu ndani, iliomba kimo, Kalunde akaipa elfu kumi. Ilikuwa na sauti ya mtu, mchangamfu, akasema ahsante mama. Pumzi moja baadaye pipa la samaki likaomba, likiwa linakuja kutoka upande wa pili ndani ya wingu lile lile. Kalunde akalipangia nalo elfu kumi.

Rubani aliliona likitoka kwenye wingu limejaa kioo chote. Akaitupa ndege chini. Waliokuwa hawajafunga mikanda walipiga dari. Mama mmoja alivunjika mtulinga, mfupa wa bega, mzee mmoja wa Inyonga nyonga ikaachia. Hakuna aliyekufa.

Taa ilikuwa bado kijani. Kalunde alinyanyua mikono, akakishika kilemba pande zote mbili, kama anayehakikisha kichwa kipo.

"Nilikuwa nausubiri mkono," akasema. Hakumwambia mtu. Aliiambia ile meza ya pembeni.

* * *

Tume ilikaa kwenye ukumbi wa zamani wa reli. Mwenyekiti alikuwa Dokta Mutinta, mwanamke wa kusini mwa Zambia, Kiswahili chake safi ingawa cha kitabuni, mcheshi, mtu wa haki. Sina baya la kumsema. Alikuwa na picha ya kichwa cha Kalunde ukutani, rangi zake tulivu, kijani mwanzo mpaka mwisho.

"Kilemba kinaonyesha kwamba hakuelemewa," akasema. "Kichwa kilikuwa na nafasi. Mtu mwenye nafasi akikosea, hilo ni kosa la kibinadamu tu. Ni uzembe."

Wakaniita mimi. Nikasema kilemba chake kimejifunza uongo. Nikasema niliona mkono wa mwenzake ukimpunguzia.

"Uliuona mara ngapi?"

"Mara moja."

"Wengine chumbani walikuwa wakifanya nini?"

"Wanacheka, mheshimiwa."

"Basi ulikuwa mzaha, mzee wangu," akasema kwa upole, akaniruhusu niketi. Waongoza ndege wengine waliitwa, wakasema hawakuona kitu. Walikuwa wanamlinda Kondo, na kila mmoja alikuwa na mkono wake wa kuulinda pia.

Asubuhi ile Kalunde alikuwa ameniambia nje ya mlango: "Nikinyamaza, mzee, naondoka mimi peke yangu. Bei ni hiyo tu." Nikamuuliza, na Mbala? Akaenda kukaa.

Wakamuuliza sasa kama ana la kuongeza kabla hawajafunga. Akatikisa kichwa. Mwenyekiti alikuwa anafunika kalamu yake pale sauti ilipotoka nyuma.

"Msimfunge huyo mpagazi! Bado ana deni la pembe zetu pwani!"

Kondo. Vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, bado na shati la msibani. Walinzi walimshika, Dokta Mutinta akawaambia wamwache.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye kile kichwa mlichokitundika ukutani. Mnakisifia, kichwa hicho ni changu na chake! Tazameni kichwa cha Mnyamwezi, mheshimiwa, kinaweza kubeba mizigo yote ile? Kinabeba ndoo ya maji, basi. Hizo ndege nilikuwa naziiba mimi. Miaka yote! Yeye anasinzia, mimi napeleka. Nimeiba za samaki, nimeiba za asali, siku nyingine nimeiba na za serikali. Mfungeni mwizi, mwachieni mpagazi wangu, nani atanibebea jeneza nikifa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata karani alicheka. Na Dokta Mutinta ndiye aliyecheka zaidi, mpaka akavua miwani.

"Nimekuelewa," akasema. "Hata kwetu tuna jambo hili. Mtani wako akifiwa unajilaza kaburini mpaka wakutoe kwa kubembeleza. Umekuja kumlilia mtani wako, na umemlilia vizuri. Nenda ukakae, kaka." Akamgeukia karani. "Hayo usiyaandike."

Hapo nikaelewa ubaya wa jambo lenyewe. Laiti angekuwa mgeni asiyejua utani, angemuuliza maswali. Kwa kuwa aliujua, hakusikia.

Kondo alibaki amesimama, tabasamu bado liko usoni lakini halina mtu ndani. Alikuwa amesafiri toka matangani kuja kumpokea mwenzake mzigo, na hakuwa na njia nyingine ya kusema naye zaidi ya ile. Akamtazama Kalunde. Macho yake yalisema nyamaza. Nadhani hivyo. Alikuwa ameshajaribu, imeshindikana, yeye amepona, na Kalunde alishakubali kubeba lawama. Kila mtu angerudi nyumbani.

Kalunde akasimama.

"Hatanii," akasema.

Kicheko kilikatika kama kamba. Kwa wasiojua niseme hivi: neno hilo mtu hamwambii mtani wake mbele za watu. Unaweza kumtukania wazazi, unaweza kumzuia asizike. Kumtolea utani wake nje ukauita ukweli, hiyo ni kumvua nguo.

"Samahani, umesemaje?" Dokta Mutinta aliuliza.

"Nimesema hatanii, mheshimiwa. Ndege alizichukua kweli. Na mimi nilichukua za kwake. Kichwa hicho mlichotundika hakipo, hakijawahi kuwepo. Kuna watu Mbala, kuna watu Kalemie, mnawapakia mzigo wa watu wawili, na pembeni yao kuna ukuta. Waondoleeni kwanza. Sisi mtatufanya mnavyotaka baadaye."

Mwenyekiti alimgeukia Kondo. "Ni kweli?"

Chumba chote kilimsubiri amtukane. Neno moja tu, kuhusu ugali, kuhusu babu yake, na yote yangerudi kuwa mzaha, na mimi naapa wangelikubali. Kondo alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena, akakaa kwenye benchi la nyuma, mikono juu ya magoti.

Mzaramo amekosa neno la kumwambia Mnyamwezi. Dokta Mutinta alivaa miwani yake, akachukua kalamu, akamwambia karani aandike kila kitu tangu mwanzo.

* * *

Kipimo kilichoitwa Kichwa cha Tabora kiliondolewa kwenye minara yote mvua hazijaisha. Mapipa yalichelewa msimu mzima, samaki wengi wakaoza, wafanyabiashara wakalalamika magazetini.

Kondo Mwinjuma alinyang'anywa leseni kwa maisha yote. Hakufungwa. Alirudi Kisarawe, akafungua mashine ya kusaga. Mama yake alifariki mwaka uliofuata.

Kalunde Mihayo alinyang'anywa leseni pia. Alikwenda kumzika mama yake Kondo. Watu wa huko walimkaribisha kwa heshima, wakampa kiti na chakula, na hakuna aliyemtania. Anakaa Uyui, ana mizinga ya nyuki.

Tuzo alipandishwa cheo, akawa msimamizi wa mnara. Aliweka kuta kati ya meza, akaziondoa, akaziweka tena.

Dokta Mutinta aliandika kanuni mpya inayoruhusu mwongoza ndege kuchukua ndege ya jirani, baada ya kuombwa na kukubali kwa maandishi. Hakuna anayeitumia. Alistaafu akarudi Choma.

Mzee wa Inyonga hakutembea tena bila mkongojo. Mama wa mtulinga alipona.

Chanda wa Mbala ni mvuvi wa dagaa, anaongea vizuri, redio hataki kuisikia.

Mimi niliacha ufundi wa vilemba. Nilikwenda Kalemie, kisha Moba, na sasa natengeneza pampu za maji.